Mama Divine akataa kiti

Jamani, leo mgeni wetu kakataa kiti!

Mama Divine, jirani yangu kutoka Burundi, ana mwaka sasa hapa Kibiti. Kila shughuli tunamwekea kiti cha plastiki, na sahani yake ndiyo inatangulia. Sisi wenyewe tuko chini na masufuria yetu. Tukajiona wakarimu kweli!

Leo jirani yetu Bi Mwanahawa anamwoza binti yake. Mama Divine kaja na kisu chake, khanga kiunoni, moja kwa moja mpaka uani tunakopika.

"Nenda kakae, mgeni wetu," Bi Mwanahawa akamwambia.

"Mwaka mzima mnanikalisha. Siku nikifiwa, kiti ndicho kitakuja kunipikia?"

Mimi nikajifanya naosha mchele, na nilishauosha zamani.

Bi Mwanahawa akamsogezea nazi na mbuzi ya kukunia.

Haikupita hata dakika, Bi Mwanahawa huyohuyo akapaza sauti: "We Mama Divine! Unakuna mpaka kifuu, unataka tule wali mweusi?"

Kagombezwa mbele za watu. Basi alivyocheka! Karudi kwake kidole kimekwaruzika, anakionyesha njia nzima.

Haya, semeni kweli: mtaani kwenu nani bado mmemkalisha kwenye kiti?