Mkebe wa mwisho wa baruti

Juzi nilikuwa katika duka moja la Malindi linalouza risasi na vifaa vya uvuvi, nimefuata ndoana zangu. Kwenye kaunta, mzee mkulima wa Jilore alikunjua gazeti akatoa mkebe mtupu, aonyeshe baruti anayoitaka. Ndiyo anayojazia upya maganda ya risasi zake, kwa kibali, maana nguruwe mwitu wanammalizia mahindi.

"Mwezi wa tatu huu naitafuta," alisema. "Ile nyingine bunduki yangu haiipendi."

Mwenye duka akamwonyesha kwa kidevu bwana aliyesimama kando yake. "Nilikuwa na mmoja tu, mzee wangu. Bwana huyu amekutangulia."

Bwana mwenyewe, ambaye hulenga shabaha Jumapili kwa kujifurahisha, alikuwa ameukumbatia mkebe kama mtoto mchanga. "Nyumbani ninayo minane," alisema bila haya, "lakini baruti hii imeadimika. Lazima mtu ajihadhari."

Nilitaka kumuuliza imeadimishwa na nani, ila nikakumbuka sukari niliyoijaza chini ya kitanda mwezi jana, niliposikia uvumi tu. Nikarudi kuchagua ndoana zangu.

Mzee akaanza kuufunga mkebe wake gazetini. Bwana akamgusa bega.

"Mzee, huo mtupu kama huutaki niachie. Mfuniko wake unafunga vizuri, nitawekea akiba."

Mzee akaupangusa vumbi kwa kiganja, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Chukua, mwanangu. Usije ukapungukiwa."

Akauchukua, tena akashukuru.