Orutu Katika Tangazo la Sabuni

Shule niliishia darasa la tatu, kwa hivyo univumilie nikipotea njia. Miaka ile ya sitini nilikuwa napiga pasi nguo za watu mjini Kisumu, pasi ya makaa, kwenye baraza ya duka la mama mmoja Mkikuyu. Mama huyo alikuwa na redio kubwa kama sanduku la majani chai, na haikuzimwa tangu asubuhi: habari, salamu, matangazo ya vifo.

Siku moja likaja tangazo la sabuni, na chini ya maneno yake ikalia orutu, ile fidla yetu ya kamba moja. Mimi nilizoea magitaa ya bendi kubwa kubwa. Hii ilikuwa kama mtu anakuita kwa jina kutoka shamba la mbali. Nilisimama tu, pasi chini, mpaka suruali ya karani mmoja ikaungua goti. Karani huyo alinitukana wiki nzima, lakini hayo tuyaache.

"Baba, unachoma nguo ya watu!" mama akapiga kelele. "Na huyo si ni mtu wenu? Humjui?"

"Wajaluo ni wengi, Mama."

Nikawa nangojea tangazo hilo kila siku. Watu walinicheka, eti nimeipenda sabuni. Mwishowe nikaenda duka la santuri karibu na soko, nikamwimbia muuzaji kwa mdomo. Akaitoa chini kabisa ya rundo.

"Hii hakuna mtu anaiulizia, bwana. Wewe wa kwanza."

Akaiweka, akafungua sauti yote, na watu wakajaa mlangoni. Sasa, kwetu mpigaji akifika katikati hunyamazisha kamba kidogo ajitaje: yeye ni nani, ndugu ya nani. Huyu naye akanyamazisha. Akasema kwa Kijaluo: "Ni mimi, ndugu ya yule mama wa Otonglo. Ni mimi niliyezuiwa na mpwa wangu kumlilia dada yangu."

Otonglo ni kwetu, na mama huyo ni mama yangu mzazi. Mpwa ni mimi.

Mama alipofariki nilikuwa nimebatizwa juzi juzi, na wazee wa kanisa walikuja kutoka mjini, nami nilitaka wanione mtu safi. Mjomba akafika na orutu yake kumlilia dada, na hiyo ilikuwa haki yake. Kabla hajapiga hata kidogo nilimshika mkono wenye upinde, mbele ya watu wote, nikamwambia hiyo ni kazi ya walevi. Aliifunga orutu ndani ya shati lake akaenda. Ndiyo maana sikuujua mkono wake kwenye redio. Sikuwahi kumsikiliza.

"Mpwa gani huyo!" akasema mwanamume mmoja pale dukani. "Alizaliwa na mamba?"

Watu wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Nilicheka kuwashinda wote, hata nikaongeza, "Mjinga kabisa!" Muuzaji alipouliza kama naichukua, nikasema nitarudi.

Jumapili nikaenda kwa mjomba kwa miguu, njia nzima nikipanga maneno ya kuomba msamaha. Nilimkuta akishona wavu.

"Karibu, okewa," akasema. Ndivyo tunavyomwita mtoto wa dada, na alilisema vizuri tu, bila kinyongo.

Tukaongea mvua. Tukaongea ng'ombe mmoja aliyevunjika mguu, tena kwa muda mrefu. Halafu nikasema, "Mjomba, nimekusikia kwenye redio."

Mikono yake ikatulia juu ya wavu. "Santuri yenyewe umeisikia?"

Maneno yangu yote yalikuwa hapo mdomoni. Ilibaki kufungua tu.

"Hapana," nikasema. "Lile tangazo tu."

Akanitazama, nikatazama kuku waliokuwa wakipita.

"Tangazo ni fupi," akasema, akaendelea kushona. Aliishi miaka mingine kumi na zaidi, na hakuniuliza tena. Mimi pia sikumwambia.