Kiapo Kilichoingia Mikononi

Siku ya kwanza chuoni mwalimu alituzungukia darasani akituuliza mmoja mmoja kwa nini tumechagua uuguzi. Wengi walisema ni wito. Zamu yangu ilipofika nami nikasema ni wito, nikakaa haraka. Ukweli ni kwamba niliuchagua kwa sababu ya woga, ila hilo si jambo ambalo mtu wa Tarime anasimama akalitamka mbele za watu.

Mimi ni mwoga tangu utotoni. Kwetu Nyanungu mtoto akiwa mvivu atasemwa, akiwa mlafi atachekwa, lakini akiwa mwoga watu huuliza ametokea upande gani wa ukoo. Niliogopa ng'ombe wa nyumbani kwetu wenyewe. Niliogopa mto Mara bila kuufikia. Shangazi yangu, dada yake baba, ambaye hakuwahi kuogopa kitu chochote ila kukosa chai ya saa nne, alipenda kusema kwamba mimi nitaolewa na mwanamume atakayelala mlangoni ili nipate usingizi.

Miaka ile dhahabu ilikuwa imewapanda watu kichwani. Walimu waliacha chaki, wachungaji waliacha mifugo, na baba, ambaye hakuyapenda mashimo, alikwenda Ringwani kulima na kaka yake, akawa anarudi baada ya mavuno. Mama alibaki nasi, na mama ndiye aliyeingia kwenye dhahabu. Yeye na wanawake wenzake waliokota mawe yaliyokwisha kupitiwa na wanaume, wakayaponda, wakayaosha, kisha wakagawana. Ada yangu ilitoka humo, na sare, na vitabu vya baiolojia.

Kazi ya mwisho ilifanyika nyumbani. Unga wa mawe ulichanganywa kwenye beseni na zebaki, yale maji mazito yanayong'aa, ambayo mama aliyatunza kwenye chupa ya soda juu ya kabati la vyombo. Zebaki inaikamata dhahabu. Mama aliikamua kwenye kipande cha khanga mpaka kikabaki kidonge kidogo cheupe, akakiweka kwenye karai kuukuu, karai likaenda jikoni juu ya mkaa. Kidonge kilitoa moshi, moshi ukaisha, kikabaki kitu cha njano. Na kwa kuwa kitu cha njano kina macho mengi, mlango ulifungwa na dirisha likazibwa kwa gunia. Nyumba zote tulizozijua zilifanya hivyo. Mwenye kuchomea uani alikuwa anawaita wezi kwa jina. Kazi ya kupepea mkaa ilikuwa yangu. Nilianza kuupepea nikiwa shule ya msingi, nikakohoa, mama akasema ni moshi tu, na sote tukakubali kwamba ni moshi tu.

Kisha kidonge cha kikundi kikapotea. Kiliwekwa, watu wakaenda kunawa, waliporudi hakipo. Wanawake waligombana mpaka shauri likafika ritongo, yaani baraza la wazee, na wazee wakaamua wote waape. Kila mmoja alilamba udongo akasema kwamba kama alikichukua, mwili wake ukamwonyeshe, yeye na uzao wake. Mama aliapa bila kusita. Nilikuwa nimesimama kando, pamoja na wasichana wenzangu, na katika yote nililishika lile neno la uzao, maana uzao wake ni mimi na wadogo zangu.

Haukupita muda mrefu mikono ya mama ikaanza kutetemeka. Mwanzo ilikuwa vidole tu. Akashindwa kutia uzi kwenye sindano, akaniita mimi. Baadaye ikawa vikombe. Alikuwa mtu wa kupenda wageni, na kwetu mgeni anajaziwa chai, kikombe nusu ni kumwambia aondoke. Sasa mama akawa anamimina nusu, akileta kikombe kimoja kimoja, macho chini. Watu waliona. Hakuna aliyesema mbele yake, ila walipompita njiani walimwangalia mikononi kabla ya usoni.

Shangazi aliyasema kwangu. Alinikalisha tukiwa tunachambua mahindi, akaniambia kwa sauti ya upole ambayo iliniogopesha kuliko kama angefoka.

"Kiapo hakipotei," alisema. "Kikimaliza kwa mama kinahamia kwa mtoto. Mwambie mama yako aseme ukweli, wazee wamsafishe."

Sikumwambia mama. Nilimwamini mama. Lakini kila asubuhi nilinyoosha mikono yangu mbele ya dirisha nikaiangalia.

Hapo ndipo nilipoanza kuutaka uuguzi. Zahanati ilikuwa sehemu pekee niliyoijua ambako ugonjwa ulikuwa na jina na dawa, na hakuna aliyeuliza uliapa nini. Niliona kwamba nikijifunza majina yote, hakuna kitakachonijia bila mimi kukijua. Nilisoma kama mtu anayekimbizwa. Nilipofika kidato cha tano, shule ikiwa mjini, nilipanga chumba Nyamisangura, nikawa narudi nyumbani likizo, na likizo mama alinisubiri nimpepelee mkaa kwa sababu wadogo zangu, kwa maneno yake, walikuwa wanapepea kama wanafukuza nzi.

Nilipomaliza kidato cha sita niliomba kujitolea zahanati huku nikisubiri chuo. Nesi aliyekuwepo alikuwa mama wa makamo, mkali, asiyecheka kabla ya saa sita mchana. Nilimpa shikamoo akanipa ufagio. Baada ya majuma kadhaa ya kufagia na kuchemsha vyombo, alinipa bomba la sindano lenye maji na papai bichi, akasema nichome taratibu, mkono ukiwa umetulia.

Mkono haukutulia. Ncha ya sindano ilicheza juu ya ganda la papai. Nikaubana mkono kwa ule mwingine, nao ule mwingine ukacheza pia. Niliwaza, kimehamia. Niliwaza chuo, niliwaza mgonjwa gani atakayenipa mkono wake anione hivi, na papo hapo nikajua kwamba sitakuwa nesi, wala sitakuwa mtu wa kumiminia mgeni chai. Niliweka sindano chini nikaificha mikono kwapani.

Nesi hakunifokea. Aliniambia niitoe mikono, akaiangalia.

"Nyumbani kuna mwingine anayetetemeka?"

Nusura niseme hapana. "Mama," nikasema.

"Mnachoma dhahabu?"

"Tunachoma."

"Mnachomea wapi?"

"Jikoni. Tunafunga mlango."

Alikaa. Akanieleza kwamba moshi ule ni zebaki yenyewe, kwamba anayeuvuta unamwingia mwilini na kukaa, na kwamba moja ya mambo unayofanya ni hili. Amewaona wengine, tena wengi, na wengi walitokea kwa waganga. Mama aende hospitali kubwa apimwe. Mimi nikae mbali na moshi, na kwa umri wangu mikono huenda ikatulia. Nilimuuliza ya mama je. Akasema hajui.

Ningepaswa kufurahi. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa na hofu mpya, mbaya kuliko ile ya zamani. Kiapo kina wazee na mbuzi na siku ya kusafishwa. Hiki hakikuwa na mtu wa kumwendea.

Nilipofika mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa na gunia lipo dirishani. Mama alikuwa anachoma, nami nilijua ni kwa ajili ya sanduku langu na nauli ya chuo. Nilisimama nje, nikiliogopa jiko nililokulia. Kisha nikausukuma mlango mpaka ukagonga ukuta, nikalivuta gunia. Mama akanishika mkono akisema watu wataona. Nikamvuta uani, na hapo, majirani wakisikia au wasisikie, nikamwambia yote.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilisubiri aulize kama inatibika.

"Kwa hiyo si kiapo," akasema.

"Si kiapo, mama. Ni moshi."

"Basi sikukichukua."

Akakaa chini pale pale kwenye vumbi, akalia huku anacheka. Alinieleza kwamba miaka yote ile amekuwa akitafuta kichwani. Labda kidonge kilinasa kwenye khanga yake. Labda alikikung'uta bila kujua. Mwili ulikuwa unamshtaki, naye aliuamini mwili kuliko kumbukumbu zake. Nilimwambia tena kwamba ni sumu. Akasema ndiyo, amesikia, sumu, na akatabasamu, na tabasamu lile liliniogopesha kuliko moshi.

Shangazi alipoambiwa alisema hayo ni mambo ya shule. Hata hivyo tangu siku ile mama alichomea uani, upepo ukiwa mgongoni, atazame mwenye kutazama, na wadogo zangu hakuwaruhusu kusogea. Hospitali tulimpeleka. Walisema mengi ya kusubiri.

Mkono wangu ulikuja kutulia nikiwa chuoni, polepole sana, na kila nilipochoma mshipa kwa mara ya kwanza asubuhi nilibana pumzi. Lakini siku ya kuondoka nyumbani sikulijua hilo. Watu walikuja kuniaga, shangazi akiwa kiti cha mbele. Mama alitoka na birika. Alimimina kikombe cha shangazi hadi ukingoni, akakipeleka kikimwagika njia nzima, uso juu. Akarudi, akajaza cha pili, akaniletea mimi. Nikakipokea kwa mikono miwili kabla hajakiachia, na chai ikaendelea kutumwagikia, ya moto, wala sikuweza kujua ni mikono ya nani inayoimwaga.