Stoo ya Mahindi

Pale Makutano kuna chumba cha watoto kuchezea, chenye dimbwi la mipira ya plastiki. Leo nimempeleka mwanangu, na mlangoni tukamkuta mama mmoja amebeba msichana mkubwa mgongoni, miguu ikining'inia.

"Pole mama," mfanyakazi akamwambia. "Hapa ni ya watoto wenye wanatembea."

Mimi nikainama kumvua mwanangu viatu.

Dadangu hakuwahi kutembea, wala kukaa bila kushikiliwa. Tulipokuwa wadogo, siku za mvua ya baridi mama yetu alimkalisha ndani ya stoo, akamzungushia mahindi makavu hadi kiunoni, yakamshika wima. Mimi nilimmiminia punje mikononi kwa kikombe cha bati, halafu naye akanimiminia. Alicheka hadi mate yakamtoka, na vumbi la mahindi likatujaa puani.

Siku moja, dadangu akiwa stoo, watu wa jumuiya walikuja kusali kwetu.

"Funga hiyo mlango," mama akaninong'oneza. "Wasimwone."

Nikaufunga, nikaketi na wageni. Haukupita muda dadangu akaanza kugonga kikombe ukutani, akiniita. Wageni wakatazamana. Mama akaanzisha wimbo, akauimba kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kanisani, na mimi nikaimba pamoja naye.

Walipoondoka nilikimbia kufungua. Alikuwa gizani, wima vilevile, ameninyooshea kikombe kilichojaa mahindi. Ilikuwa zamu yangu kumiminiwa.