Kanga Juu ya Kioo

Namshukuru Mola aliyeumba jicho, kisha akalifundisha kuinama. Yeye ndiye aliyenipa mke nikiwa kijana nisiye na kitu, akamchukua siku aliyotaka, na katikati akanijaalia miaka thelathini na minne ambayo sikuistahili. Rehema na amani zimfikie Mtume wake na jamaa zake. Baada ya hayo nataka kusimulia habari ya kompyuta.

Mke wangu hakupenda kupigwa picha. Mimi nilikuwa na kamera ndogo ya filamu, niliyoinunua siku zile bidhaa zilipoanza kujaa tena madukani Kariakoo baada ya miaka ya rafu tupu, na kila nilipomwelekezea aliinua kiganja. Ukifungua albamu zetu utawaona watoto, utamwona mbuzi wa Idd, utamwona jirani na kikombe chake cha kahawa, na pembeni utaona kiganja. Kiganja chenye hina, kiganja chenye unga wa ngano, kiganja kitupu. Uso wake umebaki katika picha moja tu ya pasipoti, tuliyopiga kwa ajili ya safari ya Hija, naye amekunja kipaji cha uso kama mtu anayesubiri sindano.

Mwaka wa tatu baada ya kumzika, masika yalipenya bati la chumba cha nyuma. Nikafungua sanduku lake ili nianike nguo. Albamu zilizokuwa juu zilikuwa zimeshikana kurasa kwa unyevu. Chini kabisa, ndani ya kanga, nikakuta mkanda wa video wa singo ya binti yetu wa mwisho. Singo ni shughuli ya wanawake peke yao, siku chache kabla ya ndoa, bi harusi anaposuguliwa mwili kwa manukato na kufundwa. Hakuna mwanamume anayekanyaga, na hata aliyeshika kamera siku ile alikuwa mwanamke. Sikuwahi kuuona mkanda huo. Niliunyanyua kwenye mwanga, na katika ukingo wake nikaona ukungu mweupe umeanza kutambaa.

Binti huyo yuko mbali, alimfuata mumewe ng'ambo. Hunipigia simu Ijumaa, baada ya swala. Nilimwambia habari ya mkanda.

"Baba, Mama yumo mle?"

"Kama alikuwapo, atakuwamo."

"Nitumie kwenye diski, Baba. Mwanangu hajawahi kumwona bibi yake akicheka."

Maduka ya kunakili mikanda Kariakoo yalikuwa tele. Vijana wake ni hodari; ukiwapa asubuhi, adhuhuri unarudishiwa diski. Lakini wangeutazama wao kwanza. Wanawake wa mtaa wangu wa Magomeni walikuwa mle vichwa wazi, wakicheza kwa kuamini kwamba mlango umefungwa. Nilifundisha watoto wao Kurani kwa miaka mingi. Ile ilikuwa amana. Nikaamua kununua kompyuta, kazi niifanye mwenyewe, nyumbani, chini ya dari yangu.

Nilikwenda kwa mwanamke wa Kihindu aliyerithi duka la picha la baba yake. Mabinti zangu wote walipigiwa picha za shule pale, wakati huo yeye akiwa msichana wa kufunga bahasha. Sasa picha za filamu zilikuwa zimepungua, naye alikuwa akiuza kompyuta upande mmoja wa duka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nataka kompyuta ya picha na video."

Akaniwekea makasha matatu mezani. "Kompyuta yenyewe ni mwili tu, Mwalimu. Roho yake ni hii programu endeshi, na imekuja kwa matoleo matatu."

"Roho ni jambo la Mola wangu. Tafuta neno jingine."

"Haya, iwe dereva." Akacheka. "Dereva wa kwanza ni wa nyumbani, mdogo. Barua na michezo ya watoto, basi. Wa pili ni wa nyumbani pia, ila huyu amenona. Anapanga picha, anapiga muziki, anakata video, anachoma diski ya kutazama kwenye televisheni. Wa tatu ni wa kazini, wa maofisi."

"Yupi ana kufuli?"

"Kufuli gani?"

"La kufungia picha, asiyehusika asizione."

"Wa kazini. Anafunga faili mpaka aje mwenyewe. Lakini hana ile sehemu ya picha na muziki, wala diski ya televisheni hachomi."

"Nipe wa kazini."

Hakulinyanyua kasha. Aliniangalia kama nilivyokuwa nikiwaangalia wanafunzi waliojibu upesi.

"Mwalimu, nyumbani unaishi na nani?"

Nje mtu wa mkokoteni alikuwa akipiga kelele apishwe. Nilingoja apite, ingawa hakuwa akinizuia kusema.

"Peke yangu."

"Sasa kufuli, unamfungia nani?"

Hakusema kwa ubaya. Nilimwambia nitarudi, nikatoka kwa miguu hadi Mnazi Mmoja, nikakaa. Watu walipita wakienda mjini, wakirudi sokoni, hakuna aliyenijua. Nikaanza kuhesabu nani aliingia nyumbani kwangu mwezi ule. Msoma mita. Jirani aliyekuja kuazima ngazi. Paka. Nilikuwa nikitafuta kufuli kwa nyumba ambayo ni nadra mtu kuibishia hodi.

Kesho yake, jua lilipopanda kidogo, niliswali rakaa mbili za istikhara, nikamwomba Mungu anichagulie kati ya toleo la kufuli na toleo la picha. Pengine msomaji atacheka. Nilifundishwa kwamba hata kamba ya kiatu ikikatika, mwombe Yeye. Sikuota ndoto. Moyo ulitulia tu upande wa lile lililonona, maana kufuli lisingempeleka bibi kwa mjukuu wake.

Mwanamke wa duka aliniuzia na kidude cha kuunga deki yangu ya video na kompyuta, akanionyesha pa kubonyeza na kuniandikia hatua kwenye karatasi. Akaniambia mkanda wenye ukungu usiuchezeshe mara nyingi. Pengine ungekubali mara moja tu.

Nilianza baada ya Alasiri. Nilisoma Bismillahi, nikabonyeza. Deki ilikwaruza, kioo kikatetemeka, ukaonekana ua wetu wenyewe, mikeka imetandikwa, ngoma imelazwa. Kisha mwanamke mmoja aligeuka, nywele zimemwagika mabegani. Alikuwa shoga yake mke wangu, jirani wa nyumba inayotazamana na yetu.

Nikainamisha macho, na hapo ndipo nilipoliona kosa langu. Nilikuwa nimewafungia mlango vijana wa Kariakoo, nimewafungia wezi na wapita njia, na mwanamume mmoja nilikuwa nimemsahau ndani. Ili nimfikie mke wangu ilinipasa kuwapitia wanawake wote wa mtaa kwa jicho langu. Na kama ningezima, pengine mkanda usingecheza tena.

Sikuzima. Niliichukua ile kanga ya sandukuni, nikakifunika kioo, nikakaa nimekipa mgongo na tasbihi mkononi. Kompyuta ikaendelea kunasa. Saa nzima nilisikiliza ngoma na vigelegele, na mahali fulani katikati nikasikia kicheko nilichokijua. Vidole vilisimama juu ya punje moja ya tasbihi. Sikugeuka.

Asubuhi nilivuka njia kwenda kwa shoga yake, nikamweleza kila kitu, hata ile nukta ya nywele. Niliona haya kuliko siku ya posa.

"Shemeji!" alisema, mkono kiunoni. "Miaka yote hii kumbe ulikuwa unataka kutuchungulia?"

"Nimeinama, wallahi."

"Ungeinama mapema ungejikwaa." Kisha akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Mwenzangu yumo kweli?"

"Nimesikia akicheka."

"Basi toka nje ya nyumba yako, sisi tuingie."

Jumapili, duka limefungwa, mwanamke wa Kihindu alikuja Magomeni kwa ombi langu. Alivua viatu mlangoni, akaketi mbele ya kompyuta, na wanawake watano wa mtaa wakamzunguka. Mimi nilikaa barazani, pazia limeshushwa, kama nilivyokaa siku yenyewe ya singo. Ndani walichekana.

"He! Huyu mwembamba ni mimi?"

"Ulikuwa wewe. Ule mwili umeuacha wapi?"

"Muulize vitumbua!"

Halafu wakanyamaza ghafla, wote. Katikati ya kimya kile nikasikia sauti ya mke wangu ikiwaita wapishi walete sharubati. Nusura niitikie. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Mwanamke wa duka alitoka na karatasi mkononi. "Mwalimu, wameniagiza nifute kila kitu isipokuwa vipande vyake yeye peke yake. Vyote pamoja vinafika dakika nne. Nifute?"

"Futa."

"Na mkanda ninao mimi," shoga alisema nyuma ya pazia. "Usiutafute, shemeji."

Walichoma diski mbili, moja ya binti yangu, moja yangu, wakanywa chai, wakaondoka pamoja. Nyumba ilinyamaza upesi sana. Vikombe saba, changu kikiwamo, vilibaki mezani, nami nikaviosha vyote kabla ya kukaa, kwa sababu niliogopa kuitazama diski.

Kompyuta walikuwa wameifunika tena kwa kanga; niliiondoa mwenyewe, nikatia diski. Mke wangu alikuwa akicheza taratibu, hakuwa na haraka, uso umelowa jasho. Alipoiona kamera aliinua kiganja kama kawaida yake. Nikasema moyoni, hata huku. Kisha akakumbuka kwamba wako wanawake peke yao, akakishusha, akacheka, akaiangalia kamera moja kwa moja. Sikuwahi kuangaliwa hivyo nilipokuwa nimeishika mimi. Nilihuzunika kidogo, nikashukuru zaidi, kwa sababu sasa aliniangalia na mimi, na kwangu hilo lilikuwa halali.

Binti yangu alipopata diski alinipigia simu isiyo ya Ijumaa. Mtoto alikuwa ameshika kioo cha televisheni kwa mikono miwili, akauliza mbona bibi hamjibu.

Mimi huzitazama dakika zangu nne kila Ijumaa, nikishakata simu. Zikimalizika naikunjua kanga, naifunika kompyuta isiingie vumbi, nakwenda kutia udhu.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akuhifadhie nyuso za uwapendao, ayasitiri yaliyo ndani ya nyumba yako, na asiufanye mlango wako ukose wa kuubishia hodi. Amina.