Kunawa Mara Saba

Masweta ya bwenini yakilowa mvua yananuka mbwa. Wenzangu wanacheka na mimi nacheka, maana utani huo niliuanzisha mwenyewe.

Ila harufu ile hunirudisha Misima kwa bibi, nikiwa sijaanza shule. Mbwa wetu wa kufukuza ngedere shambani alikuwa amezeeka, haoni, mdomoni kabaki na ulimi tu. Kila siku bibi alimlainishia ugali kwa mchuzi wa dagaa, akamsukumia sahani kwa fimbo ili asimguse. Siku moja mvua ilimkuta uani akashindwa kuinuka. Bibi akambeba mikononi hadi jikoni, kisha akatoka kunawa mara saba, moja kwa udongo, kama dini inavyotaka, nami nikimhesabia mlangoni.

"Bibi, hiyo ya tano tu! Usituibie!"

"Koma wewe. Mtazame, bado anatetemeka?"

Nikatazama.

"Katulia, bibi," nikasema, nikidhani kapata joto.

Bibi akaja mbio, maji yakimchuruzika mikononi. Akapiga magoti, akamfumba macho. Akabaki amemshika kichwa mpaka mvua ikakatika.