Pua ya Kuazima

Jirani yangu hanusi kitu tangu augue yale mafua makali, lakini wali wake wa viungo na mboga hakuuacha. Dirishani namwona akikata karoti taratibu, vidole vikiwa vya manjano kwa binzari. Vitunguu vikianza kubadilika rangi hutia viungo, kisha huita sebuleni, "Baba watoto, njoo uninusie." Mumewe huinamia sufuria, yeye humtazama usoni.

Jana mzee alishikwa na njaa. Akanusa juu juu, akasema, "Tayari, mke wangu. Tia mchele."

"Bado," akajibu, akiendelea kukoroga.

"Umejuaje, na pua yenyewe huna?"

"Viungo vikinukia, wewe hufumba macho."

Mzee akainama tena. Alipofumba macho, mke akamimina mchele.